Goma: Macho ya Watoto na Giza la Darasa

Msafiri ajaye Goma kwa njia ya Sake huliona Ziwa Kivu upande wa kuume, na upande wa kushoto huuona mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470 hivi, mara nyingi ukiwa umejifunika wingu kichwani. Akitazama chini haoni udongo mwekundu kama wa nchi nyingine nyingi za Afrika, bali mawe meusi yenye ncha kali, ambayo wenyeji huyaita makoro. Mawe hayo zamani yalikuwa moto. Yalitoka tumboni mwa mlima, yakatiririka kama uji mzito, yakapoa, yakawa nchi.

Mambo hayo si hadithi za mababu tu. Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka, ukaangamiza vijiji. Tarehe 17 Januari 2002 moto uliingia mjini kwenyewe, ukapita katikati ya mitaa ya biashara, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaliangamiza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaishia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 uliteremka tena usiku, ukasimama pembeni mwa mji. Kila mara watu walikimbia, na kila mara walirudi wakajenga juu ya mawe mapya. Mbao za kujengea zililetwa kwa chukudu, yaani kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na kanyagio, ambacho watu wa Goma wamekiheshimu hata kukisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katika njia panda ya mji.

Lakini leo, wasomaji wapenzi, hatukukusudia kuandika habari za mlima. Twataka kuwaongoza mpaka ndani ya darasa, tukae pamoja kwenye dawati la nyuma kabisa, tutazame ubao. Maana liko jambo moja linalowapata watoto wetu humo, nalo halipigi kelele kama mlima, wala halitoi moshi. Kwa sababu hiyo wengi wetu hatulioni.

CHUMBA CHA MBAO JUU YA MAWE

Katika mitaa mingi ya Goma, kama vile Virunga, Majengo, Katoyi na Ndosho, nyumba nyingi ni za mbao. Kuna sababu. Kuchimba msingi katika makoro ni kazi ya jasho na gharama, na mtu aliyekwisha kuona nyumba yake ikimezwa na moto hupenda kujenga upesi na kwa bei nafuu. Shule nazo zimefuata desturi hiyo. Ziko zilizojengwa kwa matofali, ziko zilizojengwa kwa mawe meusi yenyewe yaliyochongwa. Lakini ziko nyingi ambazo kuta zake ni mbao, na paa lake ni bati, au manjanja kama tusemavyo huku kwetu, bila dari.

Mbao zikikaa mvuani na juani hugeuka rangi, zikawa za kijivu, kisha nyeusi. Madirisha huwa machache na madogo, kwa kuwa kioo ni ghali na huvunjika. Mahali pa kioo hutiwa kibao cha kufungia. Mvua inaponyesha kwa upepo, kibao hufungwa. Vumbi la barabarani linapopanda, kibao hufungwa. Jirani akiwasha mashine ya kusaga unga, kibao hufungwa ili mwalimu asikike. Hivyo chumba kile, ambacho tangu mwanzo kilikuwa na mwanga haba, hubaki katika utusitusi.

Na hapa ndipo lilipo jambo la kustaajabisha. Goma iko karibu sana na mstari wa ikweta, haifiki hata digrii mbili kusini yake. Mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni. Watu wa Ulaya ya kaskazini hupata miezi ambayo watoto wao huenda shule gizani na kurudi gizani. Sisi hatuna miezi hiyo. Mwanga twapewa bure, saa kumi na mbili kila siku. Hata hivyo mtoto wetu huupita mwanga huo mlangoni, akaenda kuketi mahali ambapo haumfikii.

Wataalamu huupima mwanga kwa kipimo kiitwacho luksi. Nje, jua likiwa utosini bila wingu, kipimo hufika luksi 100,000. Chini ya kivuli cha mti bado huwa maelfu kadhaa. Ndani ya darasa hutakiwa luksi zisizopungua 300 juu ya daftari la mwanafunzi. Ni kidogo sana tukilinganisha na nje. Lakini chumba cheusi cha mbao kilichofungwa madirisha hakikifikii hata hicho kidogo. Tena mwalimu mwenyewe mara nyingi hajui, kwa sababu husimama mbele, karibu na mlango, mahali penye mwanga mwingi kuliko kona zote. Atakaye kujua na aende kona ya mwisho, akae, afungue kitabu.

WATOTO WENGI, MADAWATI MACHACHE

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 43, yasema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Neno hilo lilianza kutekelezwa kwa nguvu mwezi wa Septemba 2019, nazo shule zilizo chini ya makanisa kwa mapatano ya mwaka 1977 na serikali ziliingia katika mpango huo. Jambo hili ni jema. Watoto waliokaa nyumbani kwa kukosa karo waliingia shule. Lakini vyumba havikuongezeka kama watoto walivyoongezeka. Dawati la watatu lilichukua wanne, hata watano. Shule nyingi hugawanya siku mara mbili: wa asubuhi hutoka mchana, na wa alasiri huingia mahali pao.

Kisha vita. Mara ngapi jamaa waliokimbia kutoka Masisi na Rutshuru wamelala madarasani kwa kukosa pengine pa kulala! Mwezi wa Januari 2025 mapigano yaliingia ndani ya mji, M23 wakautwaa, na shule zikafungwa, zikafunguliwa baadaye. Watoto wasiojuana wakakutana kwenye dawati moja, na mwalimu akapokea nyuso ambazo hakuzijua wala hakujua afya yao.

Tutazame sasa yanayotokea kwa macho. Chumba kikijaa, safu ya kwanza husukumwa mpaka karibu na ubao, hata wanaokaa pembeni huutazama kwa upande, wakaona mng'ao badala ya maandishi. Safu ya mwisho huegemea ukuta wa nyuma, mita 8 au zaidi toka ubaoni. Ubao wenyewe umechakaa, rangi yake nyeusi imekuwa ya kijivu, na chaki nyeupe haionekani vema juu ya kijivu. Mwalimu naye, kwa kuwa vitabu ni vichache, huandika somo zima ubaoni, na ili lote lienee huandika herufi ndogo. Basi ubao ndio kitabu cha watoto wote, na kitabu hicho nusu yao hukisoma kwa shida.

JE, GIZA HUHARIBU MACHO?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1867 daktari Hermann Cohn, wa mji wa Breslau ambao leo ni Wrocław katika Poland, alitangaza habari za macho ya wanafunzi 10,060 aliowapima. Aliona kwamba katika shule za vijijini wasioona mbali walikuwa wachache, na kwamba kadiri mwanafunzi alivyopanda madarasa, ndivyo hesabu yao ilivyozidi. Cohn alilaumu vyumba vyenye giza na madawati mabaya. Tangu hapo nchi nyingi zilianza kujenga shule zenye madirisha makubwa.

Elimu ya leo yatufundisha kupambanua. Kusoma katika mwanga hafifu siku moja au siku kumi hakumpofushi mtu. Macho huchoka, kichwa huuma, machozi hutoka, na baada ya kupumzika hali hurudi. Kwa hiyo mzazi asiogope kwamba mtoto aliyesoma kwa kibatari jana usiku ameharibika leo asubuhi.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Jicho la mtoto bado linakua. Tulifananishe na chumba kidogo chenye dirisha mbele na ukuta nyuma. Mwanga huingia dirishani, ukakusanywa, ukachora sura ya vitu juu ya ukuta wa nyuma. Chumba kikiwa kirefu kupita kiasi, sura huchorwa kabla ya kuufikia ukuta. Mtoto huona vema kitabu kilicho mkononi, lakini ubao ulio mbali huwa kama ukungu. Chumba kikiwa kifupi, mtoto hujikaza sana aone vitu vya karibu, na kichwa humuuma asomapo. Na dirisha likiwa halina mviringo sawasawa, mistari hupinda na herufi huchanganyika.

Wengine huzaliwa na mwelekeo wa makosa hayo, wakiurithi kwa wazazi. Lakini imeonekana kwamba watoto wanaokaa ndani mno hupatwa zaidi na ile shida ya kutoona mbali. Katika mji wa Guangzhou, nchini China, watoto wa miaka 6 au 7 wa shule 12 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Wengine waliendelea kama kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, katika fungu la waliokaa kama kawaida, karibu watoto 40 kati ya 100 walikuwa wamepatwa na shida ya kutoona mbali. Katika fungu la waliotoka nje, walikuwa 30 tu. Wataalamu wengi hufikiri kwamba mwanga mwingi wa nje huufanya ukuta wa nyuma wa jicho utoe kitu kiitwacho dopamini, ambacho hulizuia jicho lisirefuke kupita kiasi.

Kwetu Afrika shida hiyo ni chache kuliko China. Tusingoje mpaka iwe nyingi. Mtoto wa kijijini alikuwa akienda shule kwa miguu, akarudi, akachunga mbuzi, akacheza mpaka jioni. Mtoto wa mjini hutoka chumba cha mbao cha shuleni akaingia chumba cha mbao cha nyumbani, na mkononi ana simu ya kaka yake. Ua wa shule umejaa makoro, tena ni mdogo. Hali zimebadilika, nasi yatupasa kuziangalia.

Basi jibu letu ni hili: chumba chenye giza hakizai makosa mengi ya macho, bali huyaficha, huyatesa, na pengine huyaongeza.

MTOTO ASIYEJUA KWAMBA HAONI

Neno "huyaficha" ndilo tulilotaka hasa kuwaambieni. Mtu mzima macho yake yakipungua hujua, kwa sababu anakumbuka jinsi alivyokuwa akiona jana. Mtoto hana jana hiyo. Tangu alipozaliwa mti ulio mbali ulikuwa kwake kama wingu la kijani, na uso wa mwalimu toka dawati la nyuma ulikuwa hauna macho wala kinywa. Adhani kwamba watu wote huona hivyo. Kwa hiyo halalamiki. Ukimwuliza, "Waona ubaoni?" atajibu, "Ndiyo, mwalimu," maana aona kitu cheusi chenye alama nyeupe.

Katika chumba chenye mwanga mzuri, mwalimu huenda akamtambua: huyu hukunja uso akitazama mbali, yule hushika kitabu karibu na pua. Katika chumba cha giza wote hukunja uso. Mgonjwa na mzima hufanana.

Basi fuateni mwendo wa mtoto huyo. Ananakili kutoka daftari la mwenzake, kwa kuwa ubao hauoni. Mwalimu amkuta, amwadhibu kwa kuiba majibu. Katika imla, ambayo haihitaji ubao, apata alama nzuri. Katika hesabu, ambazo huandikwa ubaoni, apata sifuri, kwa kuwa alisoma 3 mahali pa 8. Mwalimu asema, "Ana akili, lakini ni mvivu." Arudia mwaka. Wenzake wapya ni wadogo kuliko yeye, aona haya, aketi nyuma zaidi. Mwaka wa pili wazazi wamechoka kununua madaftari. Mtoto aacha shule, akasukume chukudu au kubeba mizigo mpakani. Jamaa yote husema kwamba kusoma kulimshinda. Lakini hakushindwa na kusoma. Alishindwa na mita 8.

Twayasema haya si kwa kuwalaumu walimu. Mwalimu mwenye watoto sabini katika chumba cha mbao anabeba mzigo ambao wengi wetu tusingeubeba siku moja. Tena mwalimu aliyepita miaka arobaini huenda naye ameanza kushika kitabu mbali na uso wake, akihitaji miwani bila kujua. Twayasema kwa sababu dawa ya jambo hili iko karibu. Mwaka 2014 zilitangazwa habari za shule zaidi ya 250 za China ya magharibi, ambamo watoto wasioona vema walipewa miwani bure. Kabla mwaka wa shule haujaisha, alama zao za hesabu zilikuwa zimepita za wenzao wasiopewa. Hawakufundishwa somo la ziada. Waliwezeshwa kuona tu.

KIPIMO CHA MITA SITA

Kumpima mtoto kwa mara ya kwanza hakuhitaji daktari. Ni kazi ambayo mwalimu, au kijana yeyote aliyemaliza shule, aweza kuifanya kwa kamba, karatasi na wino mweusi.

Chukua karatasi nyeupe, uchore herufi E kubwa, nyeusi kabisa, yenye urefu wa milimita 17 na nusu na upana uo huo. Kila kijiti cha herufi kiwe na unene wa sehemu moja ya tano ya urefu wake, yaani milimita 3 na nusu. Na nafasi kati ya vijiti iwe kiasi hicho hicho. Pima mita 6 kwa kamba. Fanya kazi hii nje, kivulini, mahali penye mwanga wa kutosha, wala si ndani ya darasa. Mtoto asimame mwisho wa kamba, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza. Wewe uigeuze herufi: vidole vyake vielekee juu, au chini, au kulia, au kushoto. Mtoto aonyeshe kwa mkono vinaelekea wapi. Hata asiyejua kusoma aweza kufanya hivyo. Mgeuzie mara tano. Akipata nne au zaidi, jicho hilo limepita. Kisha jicho la pili.

Asiyepita apimwe tena siku nyingine, na akishindwa tena apelekwe kwa wauguzi wa macho hospitalini. Usimnunulie miwani sokoni kwa kubahatisha, maana miwani ya mtu mwingine si dawa ya macho yake. Na akiisha kupewa miwani iliyo yake, aivae. Twasikia wazazi wakisema kwamba miwani huzoesha macho uvivu, au kwamba msichana mwenye miwani hatapata mchumba. Maneno hayo hayana msingi. Miwani halali hailiharibu jicho, hulionyesha njia.

KAZI ZISIZOHITAJI FEDHA NYINGI

Labda msomaji atauliza: "Tutafanyaje, nasi hatuwezi kujenga shule mpya?" Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuanze na ufa.

Kwanza, paa. Katika kila chumba liondolewe bati moja au mawili, na mahali pake pawekwe bati la plastiki linalopitisha mwanga. Litiwe juu ya safu za nyuma, si juu ya ubao, ili lisilete mng'ao. Hii ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja.

Pili, kuta. Mbao nyeusi humeza mwanga. Ukuta mweupe huurudisha. Chokaa iliyochanganywa na maji, ikipakwa ndani kila mwaka kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Septemba, hufanya chumba kile kile kuwa kingine. Kamati ya wazazi yaweza kuikamilisha kazi hii Jumamosi moja.

Tatu, ubao. Upakwe upya rangi nyeusi isiyong'aa. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 4 au 5, yaani upana wa vidole viwili au vitatu. Ni afadhali kuandika nusu ya somo isomwe na wote kuliko kuandika somo zima lisomwe na safu mbili. Tena mwalimu ayasome kwa sauti yote anayoandika.

Nne, mahali pa kukaa. Mara nyingi warefu hukaa nyuma na wafupi mbele. Ni sawa, lakini macho yatangulie kimo. Asiyeona mbali akae mbele, katikati, hata akiwa mrefu, mpaka apate miwani. Wengine wabadilishane safu kila wiki.

Tano, saa. Wanafunzi wa alasiri hupata mwanga mbaya kuliko wa asubuhi, hasa majira ya mvua, mawingu yanapoteremka toka Virunga saa tisa au saa kumi. Basi mwalimu aanze na kunakili na kusoma wakati mwanga ungali mzuri, aweke mwisho hesabu za kichwa, nyimbo, hadithi na maswali ya mdomo. Wingu likija, somo haliharibiki.

Sita, mapumziko. Watoto wote watoke nje, hata wale wanaopenda kubaki ndani na vitabu vyao. Masomo mengine yaweza kufundishwa nje kivulini: kupima urefu, kuchora ramani, kutazama mimea. Bila shaka ni hapo tu ambapo pana amani na ua ulio salama.

VUMBI NA DAWA ZA BARABARANI

Jambo la mwisho ni vumbi. Makoro yakisagwa na magurudumu huwa vumbi jeusi, lenye kukwaruza. Watoto wengi wa maeneo haya wana macho yanayowasha miezi na miezi, mekundu, yenye utando wa hudhurungi kuzunguka mboni. Si maradhi ya kuambukizana. Ni mwili unaokataa vumbi na vitu vingine vya hewani. Huko Rwanda jirani, wachunguzi waliowapima wanafunzi walitangaza mwaka 2012 kwamba 4 hivi kati ya 100 walikuwa na maradhi hayo, na kwamba baadhi yao walikosa masomo kwa ajili yake.

Darasa lisifagiliwe kavu watoto wakiwamo. Linyunyiziwe maji kwanza, ingawa twajua kwamba katika mji huu, ulio ukingoni mwa ziwa lakini usio na mito juu ya mawe yake, dumu la maji hubebwa mbali. Maji yaliyokwisha kunawia yatosha kwa kazi hiyo. Mtoto asisugue macho, bali aoshe uso kwa maji safi na ajifute kwa kitambaa chake mwenyewe. Kitambaa cha wote ndicho kinachoeneza yale macho mekundu ya kuambukiza ambayo watu huyaita Apollo.

Na hapa twawasihi sana akina mama: msinunue dawa ya matone barabarani kwa kuwa iliwahi kumponya jirani. Baadhi ya matone hayo yana dawa kali ya kortizoni. Siku mbili tatu muwasho hukoma, na mtoto hufurahi. Yakitiwa miezi mingi bila daktari, huweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, hata upofu usioponyeka. Wala msitie jichoni maji ya majani, maziwa, wala mkojo.

Lishe nayo yasaidia. Mtoto aliyepungukiwa vitamini A huanza kutoona magharibi, na akipatwa na surua katika hali hiyo macho yake yamo hatarini. Lengalenga, sombe lenye mawese, papai, embe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na sambaza wa ziwa letu wanaoliwa wazima na vichwa vyao: hivyo vyote ni walinzi wa macho, navyo vyapatikana sokoni kwetu.

KWA WAZAZI, WALIMU NA WANAFUNZI

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2019, lilisema kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 ulimwenguni wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa bilioni 1 kati yao upungufu huo ungaliweza kuzuiwa au bado haujatibiwa. Hesabu hiyo ni kubwa mno, haishikiki mkononi. Sisi tushike iliyo ndogo: chumba kimoja, ubao mmoja, kamba moja ya mita 6.

Walimu, kabla ya kumwita mtoto mvivu, mpimeni. Wazazi, mtoto akileta alama mbaya, ulizeni kwanza anaketi wapi na anaona nini toka hapo. Nanyi wanafunzi, kama ubao ni ukungu kwenu, semeni. Si aibu, wala si kosa lenu. Mwenzako aliye kando yako huenda anaona herufi ambazo wewe hujaziona tangu ulipoanza shule. Mwambie mwalimu leo, na kesho mama akupeleke hospitali.

Watu wa Goma wameondoa mawe yaliyopoa katika njia za mji wao, wakapitisha barabara upya. Kupaka chokaa ukutani na kubadili bati moja la paa ni kazi nyepesi kuliko hiyo. Kamati za wazazi na zikutane kabla ya Septemba, kila moja ichague vyumba vyake vyenye giza zaidi, ianze navyo.